Mifumo Inaposomana: Safari ya Ujumbe Kati ya Namba ya Malipo na Huduma

SONGEA, RUVUMA – Mwananchi wa Songea anayelipia ankara ya maji, leseni ya biashara au gharama za matibabu kwa simu yake ya mkononi huona mambo mawili tu: namba ya kumbukumbu ya malipo aliyopewa, na ujumbe mfupi unaomthibitishia kuwa malipo yake yamepokelewa. Kati ya mambo hayo mawili, mara nyingi ndani ya sekunde chache, programu za kompyuta za taasisi mbalimbali huwa zimeandikiana, zimejibizana na kuthibitishana mara kadhaa bila mtumishi yeyote kushika kalamu. Mazungumzo hayo yakikamilika, huduma hutolewa. Yakikatika njiani, fedha huweza kuwa zimekwisha kutoka kwa mlipaji huku dirisha la huduma likiendelea kuonesha kwamba anadaiwa.

Katika lugha ya ofisi za umma nchini, mazungumzo hayo huitwa mifumo kusomana. Maneno hayo yamezoeleka katika maagizo ya viongozi na katika taarifa za taasisi, lakini namna programu moja inavyompelekea nyenzake ujumbe, na namna ofisa anavyoweza kuutuma ujumbe huohuo kwa mkono ili kujua umekwama wapi, ni jambo lisiloelezwa mara kwa mara. Makala haya yanafafanua safari hiyo na yale ambayo mwananchi anapaswa kuyashika ili haki yake isipotee njiani.

Mwananchi alipokuwa tarishi

Kabla ya mifumo kuunganishwa, ujumbe kati ya ofisi na benki ulibebwa na mlipaji mwenyewe. Alikwenda ofisini kuandikiwa kiasi anachodaiwa, akaenda benki kupanga foleni, akapewa hati ya malipo, kisha akairudisha hati hiyo ofisini ili aandikiwe stakabadhi. Kwa mkazi wa Mbinga, takriban kilomita 100 kutoka Songea mjini, au wa Tunduru iliyo mbali zaidi upande wa mashariki, kupotea kwa kipande hicho cha karatasi kulimaanisha nauli nyingine na siku nyingine ya kazi. Kwa hakika mwananchi alikuwa tarishi wa ofisi mbili zisizoonana.

Mabadiliko makubwa yalianza Julai 2017, Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali, unaofahamika kwa kifupi kama GePG, ulipoanza kutumika chini ya wizara yenye dhamana ya fedha. Mfumo huo ndio unaozalisha namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo wananchi wengi huiita kontrolo namba. Kupitia namba hiyo, benki na kampuni za simu hupokea malipo ya taasisi za umma, na taasisi husika hujulishwa bila mlipaji kurudi dirishani na karatasi.

Upande wa mifumo mingine, Wakala ya Serikali Mtandao iliyoanza kazi mwaka 2012 iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Mamlaka hiyo inasimamia mfumo wa kubadilishana taarifa serikalini, ujulikanao kama GovESB, ambao ni njia ya pamoja ya kupitisha ujumbe kutoka taasisi moja hadi nyingine.

Umuhimu wa njia ya pamoja unaonekana kwa hesabu rahisi. Taasisi 10 zikitaka kila moja iunganishwe moja kwa moja na kila mwenzake, zitahitaji viunganishi 45. Zikiwa 100, viunganishi hufika 4,950, na kila kimoja kinahitaji kujengwa, kulindwa na kurekebishwa. Zikipitia kituo kimoja cha kati, taasisi 100 zinahitaji viunganishi 100 tu. Mkazi wa Ruvuma anaufahamu mpango huo kwa jinsi barabara zilivyo: njia ya Tunduru na Namtumbo, njia ya Mbinga hadi Mbamba Bay, na njia ya Njombe na Makambako zote hukutana Songea. Abiria wa Tunduru anayekwenda Mbinga hahitaji barabara yake pekee. Anahitaji stendi ya kubadilishia gari.

Kilichomo ndani ya ujumbe

Ujumbe wa programu si picha wala sauti. Ni maandishi yaliyopangwa kwa utaratibu ambao pande zote mbili zimekubaliana. Mpangilio huo ukikosewa hata kwa herufi moja, mpokeaji huukataa ujumbe wote, kwa kuwa programu haina uwezo wa kukisia kama anavyokisia karani mzoefu anaposoma mwandiko mbaya. Kwa kawaida ujumbe wa ankara huwa na sehemu nne.

Ya kwanza ni anwani, yaani mahali unapopelekwa na jina la taasisi inayoutuma. Ya pili ni mwili, wenye jina la mlipaji, aina ya huduma, kiasi kinachodaiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ya tatu ni namba ya utambulisho ya ujumbe wenyewe, ambayo haifanani na ya ujumbe mwingine wowote kutoka taasisi hiyo. Ya nne ni sahihi ya kielektroniki.

Sahihi hiyo si jina lililochorwa kwenye skrini. Taasisi inayotuma huwa na funguo mbili zinazoendana: ufunguo wa siri usiotoka mikononi mwake, na ufunguo wa wazi unaokabidhiwa kwa mpokeaji. Programu hukokotoa muhtasari wa maandishi yote ya ujumbe, kisha huufunga muhtasari huo kwa ufunguo wa siri. Mpokeaji huuhakiki kwa ufunguo wa wazi. Mtu akibadilisha tarakimu moja njiani, Shilingi 20,000 zikawa 200,000, muhtasari hautalingana na ujumbe utakataliwa. Hivyo sahihi huthibitisha mambo mawili kwa pamoja: nani aliyetuma, na kwamba alichotuma hakikuguswa.

Hatua kwa hatua

Mfano wa ankara ya maji unaonesha safari nzima. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Songea, SOUWASA, ni miongoni mwa taasisi ambazo wateja wake hulipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo.

Hatua ya kwanza, mfumo wa ankara wa mtoa huduma huandaa ujumbe wa kuomba namba na kuupeleka GePG. Hatua ya pili, GePG hukiri kuupokea. Kukiri huku si jibu. Ni sawa na karani wa masijala kugonga muhuri wa "imepokelewa" kabla barua haijamfikia mwenye uamuzi. Hatua ya tatu, baada ya kukagua sahihi na mpangilio, GePG hutuma ujumbe mwingine wenye namba ya kumbukumbu ya malipo, na safari hii mtoa huduma ndiye anayekiri kupokea.

Hatua ya nne huanza mwananchi anapoingiza namba hiyo kwenye simu au kwa wakala wa benki. Kabla fedha hazijatoka, programu ya benki au ya kampuni ya simu huuliza GePG: namba hii ni ya nani, inadai kiasi gani, na bado ni hai? Majibu yake ndiyo yale majina na kiasi vinavyoonekana kwenye skrini kabla ya mlipaji kuweka namba yake ya siri. Hatua ya tano, malipo yakifanyika, benki huijulisha GePG. Hatua ya sita, GePG humjulisha mtoa huduma, na mfumo wa mtoa huduma huifuta ankara katika orodha ya madeni.

Jambo moja ni la kuzingatia. Ujumbe kuhusu fedha na fedha zenyewe ni vitu viwili tofauti. Fedha hutoka akaunti moja na kuingia nyingine kwa taratibu za kibenki. Ujumbe hueleza tu kuwa jambo hilo limetendeka. Inawezekana fedha zikafika salama na taarifa zake zikachelewa. Ndiyo maana mwananchi anayeambiwa "bado unadaiwa" muda mfupi baada ya kulipa hajapoteza fedha zake kwa sababu hiyo pekee.

Si kila ujumbe kati ya mifumo unahusu malipo. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 1, 2019, unategemea swali na jibu. Programu ya kampuni ya simu hupeleka namba ya Kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20 pamoja na alama ya kidole kwenye mfumo wa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, na hujibiwa iwapo vinalingana. Mnunuzi wa umeme wa LUKU naye hupokea jibu lenye thamani moja kwa moja: tarakimu 20 anazozibonyeza kwenye mita yake ndizo umeme wake.

Dirisha la maandishi

Maofisa wa TEHAMA wanapojenga kiunganishi kipya, au wanapotafuta chanzo cha ujumbe kukwama, hawaanzi na kurasa zenye picha na vitufe vya kubonyeza. Hufungua dirisha la maandishi matupu, ambalo kwa lugha ya fani huitwa mstari wa amri. Humo mtumiaji huandika amri moja kwa mkono, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta hujibu kwa maandishi.

Zana hii ni ya zamani kuliko simu za kisasa. Mwaka 1973, katika maabara za Bell nchini Marekani, mfumo wa Unix uliwekewa uwezo uliopendekezwa na Doug McIlroy na kuandikwa na Ken Thompson: mtumiaji aliweza kuandika majina ya programu mbili katika mstari mmoja, akaweka alama kati yake, na matokeo ya programu ya kwanza yakaingia moja kwa moja katika ya pili. Wazo hilo la programu ndogo zinazopokezana maandishi bado linatumika hadi leo katika seva nyingi duniani.

Kwa ujumbe unaopita mtandaoni, moja ya programu zinazotumika sana ni curl, iliyotolewa kwa jina hilo mwaka 1998 na Daniel Stenberg wa Sweden. Amri yake huweza kuwa fupi kama hii, ambayo anwani yake ni ya mfano tu:

curl -d @ankara.xml https://mfumo.mfano/pokea

Neno la kwanza ni jina la programu inayoagizwa. Alama ya -d humaanisha kuwa kuna maandishi ya kupeleka. Sehemu inayofuata hutaja faili ambamo ujumbe umeandikwa. Ya mwisho ni anwani ya mpokeaji. Programu nyingine inayotumika katika dirisha hilohilo, OpenSSL, huweza kutia sahihi ya kielektroniki na kuihakiki.

Faida ya njia hii ni kwamba haifichi kitu. Ukurasa wenye picha humwambia mtumiaji "samahani, jaribu tena baadaye". Dirisha la maandishi humwonesha ofisa jibu lenyewe kama lilivyotoka kwa mpokeaji, pamoja na muda uliotumika. Badala ya taasisi mbili kurushiana lawama kwamba tatizo liko kwa mwenzake, ujumbe mmoja uliotumwa kwa mkono unaweza kuonesha pa kuanzia kutafuta.

Jibu lina namba yake

Kwa mawasiliano ya mtandao, kila jibu huja na namba ya tarakimu tatu inayotambulika duniani kote. Namba inayoanza na 2, kama 200, humaanisha ujumbe umefika na umeshughulikiwa. Namba inayoanza na 4 humaanisha kosa liko upande wa aliyetuma: 400 ni ujumbe usioeleweka mpangilio wake, 401 ni mtumaji asiyetambulika, na 404 ni anwani isiyokuwepo. Namba inayoanza na 5 humaanisha hitilafu iko upande wa mpokeaji: 500 ni kasoro ndani ya mfumo wake, na 503 ni huduma isiyopatikana kwa wakati huo.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa anayesubiri huduma. Ofisa anayepata 400 anajua kwamba kusubiri hakutasaidia. Ujumbe uleule ukitumwa mara 100 utakataliwa mara 100 hadi maandishi yake yarekebishwe. Anayepata 503 anajua kinyume chake: ujumbe wake hauna kasoro, unahitaji kutumwa tena mpokeaji atakaporejea.

Lipo hata hivyo jibu gumu kuliko yote, nalo ni ukimya. Mtumaji asipopata namba yoyote, hawezi kujua kama ujumbe ulipotea ukienda, au ulifika na kufanyiwa kazi lakini jibu likapotea likirudi. Katika malipo, tofauti hiyo ni kubwa: katika hali ya kwanza hakuna kilichofanyika, katika hali ya pili kila kitu kimefanyika.

Ujumbe unapokwama

Mifumo iliyojengwa vizuri haichukulii kwamba mtandao na umeme vitakuwapo wakati wote. Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kupitia njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za mafuta. Hatua hiyo iliimarisha mazingira ya huduma za kielektroniki, lakini hakuna mkoa wala nchi ambayo umeme na mawasiliano havikatiki kabisa. Kwa sababu hiyo, wataalamu huweka kinga za aina tatu.

Kinga ya kwanza ni foleni. Ujumbe usioweza kufika hautupwi. Huhifadhiwa kwa mpangilio wa kufika kwake, na hutumwa tena kwa vipindi hadi mpokeaji atakapokiri. Hii ndiyo sababu malipo yaliyofanyika wakati wa hitilafu huonekana baadaye yakifuatana, bila mtu kuyaingiza kwa mkono.

Kinga ya pili ni ile namba ya utambulisho ya ujumbe. Ujumbe uliorudiwa hufika na namba yake ya awali. Mpokeaji akiona kwamba amekwisha kuushughulikia, hatoi huduma wala kuhesabu malipo mara ya pili. Hurudia tu jibu alilolitoa mwanzo. Bila kinga hiyo, kila kukatika kwa mtandao kungeweza kuzalisha malipo mawili kwa huduma moja.

Kinga hiyo, hata hivyo, inailinda programu inayorudia ujumbe wake. Haimlindi mtu anayeamua kulipa upya. Mwananchi akiomba namba mpya ya malipo na kuilipa, mfumo utaona miamala miwili halali yenye namba mbili tofauti. Kurejeshewa fedha iliyolipwa mara mbili kunahitaji maombi, uhakiki na idhini, mambo yanayochukua muda mrefu kuliko kusubiri ujumbe uliokwama.

Kinga ya tatu ni upatanisho. Baada ya siku ya kazi kufungwa, orodha ya malipo iliyoko upande mmoja hulinganishwa na ya upande mwingine. Malipo yaliyoonekana benki lakini hayakufika kwa mtoa huduma hubainika hapo na kufuatiliwa. Upatanisho ndio unaoziba mapengo ambayo foleni haikuyaziba.

Amri katika kiganja cha mwananchi

Mstari wa amri unaweza kuonekana kuwa jambo la wataalamu pekee, lakini wananchi wengi huutumia bila kuuita kwa jina hilo. Anayebonyeza \*152\*00# kwenye simu, hata simu ndogo isiyo na intaneti, anaandika amri na kuituma. Mtandao wa simu huisoma, huipeleka kwenye mfumo wa huduma za Serikali kwa simu, na majibu hurudi kama orodha ya maandishi. Kila tarakimu anayoichagua baada ya hapo ni ujumbe mpya kwa programu iliyo mbali.

Njia hiyo ina mipaka yake. Ukurasa mmoja wa huduma hizo hubeba herufi zisizozidi 182, na ujumbe mfupi wa kawaida hubeba 160. Pia mawasiliano hayo hukatika iwapo mtumiaji atachelewa kuchagua. Lakini ubora wake ndio huohuo wa dirisha la ofisa: maandishi machache, njia fupi, na uwezo wa kufanya kazi mahali ambapo kurasa zenye picha hazifunguki. Kwa mkazi wa kijiji chenye mawimbi hafifu ya simu, maandishi hayo machache huwa ndiyo mlango pekee.

Usalama na sheria

Uwezo wa kutuma ujumbe kwa mkono ni uwezo unaohitaji nidhamu. Kompyuta nyingi huhifadhi kumbukumbu ya amri zote zilizoandikwa katika dirisha la maandishi. Ofisa akiandika nywila ndani ya amri, nywila hiyo inaweza kubaki katika kumbukumbu na kusomwa na mwingine. Kwa hiyo utaratibu mzuri ni kuweka nywila na ufunguo wa siri katika hifadhi maalumu, kufanya majaribio katika mazingira ya majaribio yaliyotengwa na mfumo halisi, na kutumia taarifa za kubuni badala ya majina na namba za wananchi halisi.

Sheria za nchi zinatilia nguvu nidhamu hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015 inatambua sahihi za kielektroniki. Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka huohuo inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini na kuingilia mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitaka taasisi kukusanya na kutumia taarifa za mtu kwa kusudi halali na lililo bayana. Kwa maana hiyo, mifumo kusomana si ruhusa ya kila ofisi kusoma kila kitu. Mfumo unaohitaji kujua iwapo namba ya kitambulisho ni sahihi unapaswa kujibiwa swali hilo, si kukabidhiwa daftari zima.

Mambo ya kuzingatia kwa mlipaji

Kutokana na maelezo hayo, mwananchi anayelipia huduma ya umma anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Asome jina la taasisi na kiasi kinachoonekana kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Maneno hayo ni jibu la mfumo wa malipo kuhusu namba aliyoingiza. Yakitofautiana na anachokusudia kulipia, asitishe.

2. Aangalie tarehe ya mwisho ya namba aliyopewa. Namba iliyopitwa na wakati haipokei malipo, na aombe nyingine kwa mtoa huduma.

3. Atunze ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala pamoja na namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba hizo mbili humwezesha ofisa kuufuatilia muamala katika kumbukumbu za mfumo; maelezo ya mdomo pekee hayatoshi.

4. Asilipe mara ya pili kwa sababu tu taarifa zimechelewa. Ikiwa fedha zimekwisha kutoka, ampelekee mtoa huduma namba hizo mbili. Ikiwa hazijatoka au hakupata uthibitisho wowote, aanzie kwa benki au kampuni ya simu aliyoitumia.

5. Asitume malipo ya huduma ya umma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama anayeomba anajitambulisha kuwa mtumishi. Malipo ya namna hiyo hayapiti katika hatua yoyote kati ya zilizoelezwa, na hakuna mfumo wa Serikali utakaopata taarifa zake. Namba za simu zinazotumika kwa utapeli huripotiwa kupitia namba 15040.

6. Ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kubonyeza \*106#, ili jina lake lisitumike kutuma ujumbe asioujua.

Mlipaji aliyefika dirishani na namba zake mbili ana haki ya kuuliza swali moja mahsusi: je, ujumbe wa malipo haya umefika kwenye mfumo wa taasisi hii, na kama haujafika, umeishia hatua gani? Swali hilo lina majibu katika kumbukumbu za mfumo, na ni wajibu wa ofisi inayotoa huduma kuyatafuta bila kumrudisha mwananchi barabarani kubeba karatasi kati ya ofisi na benki.